Mfuko wa ngozi au wa sintetiki kwenye bagpaipu: mwongozo kamili wa kuchagua, kufunga na kutunza

Swali la mfuko upi ununue linarudi kila mara kwa sura ileile. Mtu kanunua mfuko mpya, kaufunga kwa shida, na bado besi (bomba refu la sauti nene) inakata katikati ya wimbo, au chanta (bomba la kupigia wimbo kwa vidole) inapanda sauti baada ya dakika kumi. Ukimdadisi, utakuta alinunua mfuko aliousifu mpigaji mwenzake anayeishi nchi nyingine, mwenye pumzi nyingine, anayepiga karibu kila siku.

Mfuko ni ghala la hewa. Lakini pia ndimo maji ya pumzi yako yanamoishia, na kuchagua kati ya ngozi na sintetiki ni kuamua maji hayo yaende wapi. Sauti, uzito na bei ni mambo ya baadaye.

Ninazungumzia bagpaipu kubwa ya Skoti, yenye chanta moja na mabomba matatu ya mvumo (besi moja na tenori mbili), ile inayopigwa na bendi za Glasgow, za Kanada na za majeshi ya Oman, ambako wengine huipiga juu ya ngamia. Zumari ya mfuko ya Ghuba, habbani au jirba, ambayo mfuko wake ni ngozi ya mbuzi, ina mafundi wake na taratibu zake, nayo siigusi hapa.

Tuelewane kwa majina. Stoki ni vile vipande vitano vifupi vya mti vinavyofungwa kwenye mfuko: kimoja cha chanta, kimoja cha bomba la kupulizia, vitatu vya mvumo. Ulimi ni kile kinachotetemeka ndani na kutoa sauti, uwe wa utete au wa plastiki.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Vizibo vitano vya mpira au vya koki vinavyoenea kwenye stoki zako
- Tochi ndogo na kitambaa safi kisichotoa nyuzi
- Maji ya sabuni kwenye kikombe, na brashi laini
- Kalamu ya alama na utepe wa kupimia
- Kipimo cha unyevu wa hewa, hata kile cha bei ndogo cha kutundika ukutani
- Kwa mfuko wa ngozi: uzi imara wenye nta, kitoboleo cha ngozi, kipande cha mti cha kuvutia uzi, na dawa ya kulainisha na kuziba mifuko ya ngozi
- Kwa mfuko wa sintetiki: bisibisi, na klipu za chuma kama zile mafundi wa magari wanazofungia hosi za rejeta (mara nyingi huja na mfuko)
- Bomba jembamba la plastiki linaloona ndani, mita 2 hivi, la kutengenezea kipimo cha presha

Usinunue mfuko kabla ya kumaliza hatua tatu za kwanza. Ndiyo maana hizo hatua hazihitaji mfuko mpya.

## Hatua ya 1: Hakikisha mgonjwa ni mfuko

Toa mabomba yote na chanta. Ziba stoki nne, acha ya bomba la kupulizia. Puliza mpaka mfuko uwe mgumu kabisa, kisha subiri dakika mbili bila kuukandamiza. Puliza tena.

Ukishindwa kuingiza hata nusu pumzi, mfuko wako mzima na fedha zako zikae mfukoni. Ukiingiza pumzi nzima kwa urahisi, hewa inatoka mahali. Sasa tafuta ni wapi, kwa mpangilio huu:

Toa bomba la kupulizia, ziba stoki yake kwa kizibo cha tano mara tu baada ya kujaza mfuko. Kama sasa mfuko unashika, kasoro ni vali ya bomba la kupulizia (kilango kinachozuia hewa kurudi mdomoni), kitu cha bei ndogo. Kama bado unalegea, paka maji ya sabuni kuzunguka kila stoki na kwenye mshono wote. Povu litakuonyesha.

Povu likitokea kwenye stoki, kufunga upya kunatosha. Likitokea kwenye mshono wa mfuko wa ngozi, jaribu dawa kwanza. Likitokea katikati ya ngozi yenyewe, au kwenye kitambaa cha sintetiki, mfuko umekwisha.

Sasa rudisha mabomba ya mvumo yakiwa na ndimi zake, ziba chanta, na puliza. Ndimi zinazokula hewa nyingi mno humfanya mpigaji ahisi mfuko unavuja. Ukipuliza kwa nguvu inayozidi kidogo ile unayopigia kawaida, ulimi uliorekebishwa vizuri hufunga na kunyamaza. Usipofunga hata kwa nguvu kubwa, tatizo ni ulimi. Watu wengi walioniuliza kuhusu mfuko waliishia hapa.

Ukifaulu: unajua kwa hakika, bila kubahatisha, hewa inatoka wapi.

## Hatua ya 2: Pima maji ya pumzi yako

Piga dakika 20 mfululizo kwa nguvu yako ya kawaida. Kisha haraka toa mabomba ya mvumo na umulike ndani ya stoki kwa tochi.

Kuta zikiwa na umande mwepesi tu na ndimi kavu, wewe ni mpigaji mkavu. Ukiona matone yanayotelemka, na ndimi zina maji unayoweza kuyafuta kwa kidole, wewe ni mpigaji wa maji mengi. Wengi wako katikati. Hakuna aibu katika kuwa wa maji mengi. Ni mwili tu, na mara nyingine ni ulimi wa chanta mgumu mno unaokulazimisha kupuliza kwa mate.

Rudia zoezi hili siku nyingine, asubuhi badala ya jioni. Matokeo ya siku moja hudanganya.

## Hatua ya 3: Soma hewa ya mahali unapopiga

Hapa ndipo ushauri wa kuazima unapoharibika.

Pumzi inatoka mdomoni ikiwa na joto la nyuzi 35 hivi na imeshiba mvuke. Hewa ya joto hilo hubeba karibu gramu 40 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Ikipoa mpaka nyuzi 10, inaweza kubeba gramu 9 tu. Zilizobaki lazima ziwe maji, na yatakaa juu ya chochote kilicho baridi: mfuko, stoki, ndimi. Ni jambo lilelile linalotokea kwenye glasi ya maji baridi ukiiweka mezani mchana wa Tanga.

Kwa hiyo anayepiga uwanjani Skoti wakati wa baridi anapoteza zaidi ya robo tatu ya maji ya pumzi yake ndani ya ala. Anayepiga Dar es Salaam kwenye nyuzi 30 anapoteza robo tu, kwa kuwa hewa ya joto hilo bado inabeba gramu 30. Pwani, basi, ala hailowi sana wakati wa kupiga kama watu wanavyodhani.

Shida ya pwani inaanza baada ya kupiga. Hewa ya nje yenyewe imejaa unyevu, kwa hiyo maji yaliyobaki ndani ya mfuko hayakauki. Mfuko unakaa usiku kucha ukiwa moto na mbichi, na kuvu hawahitaji zaidi ya hapo.

Nyumba za Kanada na Ulaya wakati wa baridi zina tabia ya kinyume. Nje kuna baridi kali, ndani kuna vipasha joto vinavyokausha hewa, na ulimi wa utete unapasuka kwenye sanduku. Oman ina sura mbili: unyevu wa Maskati wakati wa kiangazi na ukavu wa Nizwa, na juu yake vyumba vya mazoezi vyenye kiyoyozi.

Tundika kipimo cha unyevu chumbani unapopiga, na uandike namba yake wiki nzima. Chini ya asilimia 40 ni pakavu kwa ala hii. Juu ya 70 ni mahali pa kuogopa kuvu.

## Hatua ya 4: Chagua

Sasa unajua mambo mawili: maji yako na hewa yako. Ongeza la tatu, ambalo watu hujidanganya nalo zaidi: unapiga mara ngapi kwa wiki kweli? Andika ulivyopiga mwezi uliopita, usiandike unavyokusudia.

Ngozi ya kondoo hunywa maji. Unyevu unaingia kwenye ngozi, unasambaa, na hewa ndani ya mfuko inabaki na hali ya wastani tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndimi za utete hupenda hali hiyo. Mfuko wenyewe ni laini, haupigi kelele, hautelezi chini ya kwapa, na mkono unahisi presha vizuri. Wapigaji wengi wa mashindano ya peke yao hawataki kingine. Bei yake ni kazi: unataka dawa kila baada ya miezi michache, unataka kupigwa mara kwa mara, na ukiachwa wiki kadhaa unakauka, unakakamaa na kuvuja. Miaka mitatu ya matumizi mazito ni umri wa heshima.

Ngozi nene, ya ng'ombe au ya elki (kulungu mkubwa wa nchi za baridi), hukaa muda mrefu zaidi na huvumilia kuachwa kidogo. Ni nzito, na mwanzoni ni ngumu mkononi.

Sintetiki mara nyingi hutengenezwa kwa kitambaa chenye utando kama Gore-Tex, unaopitisha mvuke polepole na kuzuia maji. Hautaki dawa. Unaweza kuuacha mwezi mzima na kuukuta unashika hewa. Mingi ina zipu kubwa, na zipu hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuupendekeza pwani: unafungua, unafuta, unakausha. Ila haunywi maji. Matone yanakaa humo humo, kwa hiyo mpigaji wa maji mengi lazima aweke mtego wa maji au mkebe wa chembe za kukausha ndani yake. Usipoweka, besi itakata, na utaulaumu mfuko bure.

Mfuko mchanganyiko una ngozi nje na utando wa sintetiki ndani. Unashikika kama ngozi na hautaki dawa. Ni njia nzuri ya kati, mradi usitarajie unywe maji kama ngozi tupu.

Maamuzi yangu ni haya. Unapiga chini ya mara tatu kwa wiki: sintetiki, popote ulipo. Uko Mombasa, Zanzibar au Dar: sintetiki yenye zipu, hata kama unapiga kila siku. Uko mahali pakavu, unatumia ndimi za utete na unapiga karibu kila siku: ngozi ya kondoo, na utaifurahia. Una maji mengi na uko kwenye baridi: sintetiki yenye mkebe wa kukausha, au ngozi nene kama uko tayari kuihudumia. Unaanza kujifunza: sintetiki, kwa sababu una mambo mengine ya kutosha ya kupambana nayo.

Kama bendi yako nzima inatumia aina moja, fuata bendi. Chanta kumi zinazopata unyevu wa aina moja zinapanda na kushuka sauti pamoja. Moja yenye mfuko tofauti itahama peke yake.

## Hatua ya 5: Saizi

Mfuko mkubwa haukupi nguvu. Unakusukuma mkono nje, bega linapanda, na kiwiko kinakosa pa kukandamizia. Ukiwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, anza na saizi ya kati. Mwembamba au kijana achukue ndogo bila kuona haya.

Kama unaweza, jaza mfuko wa mwenzako na uushike kwapani. Kiwiko kiangukie sehemu nono ya mfuko, mkono wa chini ulale juu yake, na vidole vifike kwenye chanta bila kukunja kifundo. Ukilazimika kuinua bega, shuka saizi moja.

## Hatua ya 6: Funga

Kabla ya kutoa stoki za zamani, piga picha na uweke alama kwenye kila moja: ipi ni ya nini na imeelekea upande gani. Stoki za mvumo zinafanana, lakini pembe yake ndiyo inayoamua kama besi italala begani au itakugonga sikio. Pima pia umbali kati ya tundu na tundu kwenye mfuko wa zamani uliokuwa unakufaa.

Kwa sintetiki. Mifuko mingi huja na matundu tayari yenye kola za mpira. Fungua zipu, lowesha kola kwa maji ya sabuni, na usukume stoki kutokea ndani. Ielekeze sawasawa na alama zako, kisha kaza klipu kwa bisibisi mpaka stoki isizunguke ukiishika kwa nguvu. Ishia hapo. Ukizidisha, chuma kinaweza kuutia mti ufa, na mti huo kwa bagpaipu nyingi ni mpingo, ule wa Kilwa na Lindi, ambao haurudi ukishapasuka. Funika kichwa cha klipu kwa utepe ili kisikutoboe shati.

Kwa ngozi. Hapa usiwe na haraka. Toboa tundu dogo kuliko unavyodhani. Ngozi inanyooka, na tundu lililopita kiasi halirudi. Ingiza stoki ndani ya mfuko kupitia shingo, kisha isukume itokeze kwenye tundu lake huku ngozi ikiibana pande zote. Ukingo wa ngozi ufunike mfereji uliochongwa kwenye stoki, kwani uzi utakaa humo. Stoki ya chanta iwe ya mwisho, maana ndiyo inayoziba shingo.

Funga ncha ya uzi kwenye kitasa cha mlango imara. Shika stoki kwa mikono miwili, rudi nyuma mpaka uzi ulie, na uzungushe stoki ukielekea mlangoni. Uzito wa mwili wako ndio unaokaza. Mizunguko kumi hivi, kila mmoja ukikaa kando ya mwenzake, kisha fundo. Kuvuta kwa vidole peke yake hakutoshi, na utaumia. Tumia kile kipande cha mti kwa mizunguko ya mwisho.

Mshono wa mfuko uelekee chini.

Ukifaulu: stoki haziyumbi, haziwezi kuzungushwa kwa mkono, na jaribio la Hatua ya 1 linapita. Mfuko wa ngozi unaweza kuvuja kidogo kabla ya dawa. Wa sintetiki hauruhusiwi kuvuja hata siku ya kwanza.

## Hatua ya 7: Dawa kwa ngozi, mtego kwa sintetiki

Weka chupa ya dawa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iwe nyepesi. Isichemke; joto kali huharibu ngozi. Mimina ndani ya mfuko kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, ziba stoki zote, na uusugue mfuko kwa mikono kwa dakika kumi na tano, ukikazia mshono na kuzunguka kila stoki. Jaza hewa, uache saa chache, kisha ning'iniza shingo ikiwa chini dawa iliyozidi itoke. Acha usiku mzima. Asubuhi futa stoki kwa ndani, maana dawa ikifika kwenye ulimi umeupoteza.

Dawa hiyo isiguse mfuko wa sintetiki kamwe. Inaziba utando, na mvuke haupiti tena. Hata mfuko mchanganyiko hautaki, isipokuwa mtengenezaji ameandika hivyo.

Kwa sintetiki, unganisha mtego wa maji kwenye stoki ya kupulizia, kwa ndani. Kama unaweka mkebe wa chembe za kukausha, elekeza mirija yake kwenye mabomba ya mvumo tu. Chanta yenye ulimi wa utete iachiwe hewa yenye unyevu, hasa mahali pakavu. Ikipewa hewa kavu mno, sauti inakonda na kupanda.

Sasa tengeneza kipimo cha presha. Kunja lile bomba la plastiki kama herufi U kwenye ubao, tia maji nusu, na upenyeze ncha moja kwenye kizibo kilichotobolewa kwenye stoki ya tenori mojawapo. Piga. Tofauti ya kimo cha maji kati ya pande mbili ni presha yako, na kwa wengi itakuwa kati ya sentimita 60 na 80. Ikibaki karibu palepale unapopumua na unapokandamiza, mfuko na mkono vimeelewana. Ikiruka sana, fanyia kazi mkono kwanza.

## Hatua ya 8: Kausha kila unapomaliza

Hili halina ngozi wala sintetiki. Mwaka 2016 jarida la tiba la Thorax lilichapisha habari ya mpigaji wa bagpaipu wa Uingereza aliyefariki kwa ugonjwa wa mapafu ulioletwa na mzio. Kuvu wa aina kadhaa walipatikana ndani ya ala yake. Alipokaa Australia miezi mitatu bila ala hiyo, hali yake ilikuwa imepata nafuu. Kila pumzi inayorudi kutoka kwenye mfuko mchafu inapita karibu na mdomo wako.

Ukimaliza kupiga, toa mabomba, pitisha kitambaa kikavu kwenye bomba la kupulizia na kwenye kila stoki. Mwaga mtego. Fungua zipu, futa ndani, na uache wazi mahali penye upepo, pasipo jua kali. Pwani weka feni. Chembe za kukausha zikilowa, zibadilishe au zikaushe kama maelekezo yake yanavyosema.

Mfuko wa ngozi haufunguki, kwa hiyo toa vizibo vyote na uuache upumue saa moja kabla ya kuurudisha kwenye sanduku. Mahali pakavu sana fanya kinyume: ziba stoki ili ngozi isikakamae.

Harufu ya uvundo, madoa meusi ndani, au kikohozi kinachokuja kila baada ya mazoezi: acha kupiga, muone daktari, na umwambie unapiga ala ya kupuliza. Mfuko wa ngozi wenye kuvu utupe. Wa sintetiki unaweza kuoshwa tu kama mtengenezaji anaruhusu, na bomba la kupulizia na vali visafishwe pamoja nao.

Usiiache ala kwenye buti la gari. Joto la mchana hulegeza gundi za mshono, na mpingo uliolowa ndani ukaokwa nje ndio unaopasuka.

Katika wiki mbili za kwanza piga kwa vipindi vifupi na urudie jaribio la vizibo kila siku ya tatu. Uzi mpya hulegea na klipu mpya hukaa. Kaza mara moja, jaribu tena, na ndipo uanze kuhangaika na ndimi.